Mkono wa Mwamuzi Ukinyooka: Jinsi Kizuizi Kinavyoamuliwa na Besi Kutolewa Katika Softiboli

Chukua mfano wa mechi ya softiboli ya wasichana. Timu mbili ziko sare katika zamu ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, na wenyeji ndio wanaopiga. Mkimbiaji wao amesimama kwenye besi ya pili. Mpigaji anaupiga mpira, unatua upande wa kulia wa uwanja. Mkimbiaji anatoka mbio, anakata kona ya besi ya tatu kuelekea nyumbani, na hapo konani anamkuta mlinzi wa besi ya tatu amesimama njiani, macho yake yakiutazama mpira ulio mbali. Wanagongana bega kwa bega. Mkimbiaji anayumba, anajiweka sawa, anaendelea. Hatua mbili kabla ya kufika nyumbani, mdakaji anaupokea mpira na kumgusa nao.

Mashabiki wa timu ya wageni wanaruka kwa furaha, maana mkimbiaji ametolewa. Lakini mwamuzi anainua mikono kusimamisha mchezo, kisha anaonyesha kwamba mkimbiaji aende nyumbani na pointi ihesabiwe. Mechi imeisha. Upande mmoja unashangilia, upande wa pili unauliza: mtu aliyeguswa na mpira akiwa nje ya besi anapewaje pointi ya ushindi?

Jibu ni kwamba mwamuzi amemrudishia mkimbiaji kitu ambacho mlinzi wa besi ya tatu alimnyima. Kanuni inayohusika ni ya kizuizi, na ni miongoni mwa kanuni zinazoleta mabishano mengi zaidi uwanjani kwa sababu ndogo sana: watazamaji hufuata mpira kwa macho, ilhali kosa hutokea mahali ambapo mpira haupo.

Michezo na viwanja vya michezo ni miongoni mwa majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeyakabidhi serikali za kaunti. Uwanja wa umma ni wa wakazi wote, na amani yake huwategemea wanaokaa pembeni sawa na wanaocheza ndani. Mzazi, mwalimu au kijana anayeielewa kanuni hii hatakuwa na sababu ya kumfokea mwamuzi aliyetenda haki. Makala haya yanaeleza kizuizi ni nini, mwamuzi anakitambuaje, na anafikaje kwenye uamuzi wa besi ngapi za kutoa.

Mchezo kwa ufupi

Softiboli ilianzia Chicago, Marekani, mwaka 1887, ukiwa mchezo wa ndani ya ukumbi. Leo kanuni zake za kimataifa zinasimamiwa na Shirikisho la Dunia la Besiboli na Softiboli, WBSC. Softiboli ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996 mjini Atlanta, na imo katika ratiba ya Michezo ya Los Angeles ya 2028.

Mkazi aliyecheza raunda akiwa shule ya msingi tayari anajua sehemu kubwa ya mchezo wenyewe. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka besi nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nyumbani. Umbali kati ya besi moja na nyingine ni futi 60, yaani mita 18.29. Anayemaliza mzunguko huleta pointi moja. Timu inayolinda hujitahidi kumtoa mkimbiaji, kwa mfano kwa kumgusa na mpira akiwa hajakanyaga besi. Watatu wakitolewa, timu zinabadilishana.

Umbali huo wa mita 18 na kidogo ndio unaoipa kanuni ya kizuizi uzito wake. Katika besiboli, besi zimeachana kwa mita 27.43. Kwa kuwa njia ya softiboli ni fupi hivyo, hatua moja iliyopotea inatosha kumfanya mkimbiaji atolewe badala ya kufika salama. Mlinzi anayesimama njiani kwa nusu sekunde anaweza kuwa ameamua mechi bila kuushika mpira.

Njia ni ya nani?

Kila dereva anajua kwamba kwenye mzunguko wa barabara kuna gari lenye haki ya kupita na gari linalopaswa kusubiri. Softiboli nayo ina utaratibu wake wa haki ya njia, na wenye haki hiyo hubadilika kufuatana na mahali mpira ulipo.

Kwa kawaida njia ni ya mkimbiaji. Yuko huru kukimbia kuelekea besi inayofuata, kuizunguka au kurudi, bila mtu kumzuia. Mlinzi anaruhusiwa kuwa katika njia hiyo kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba ana mpira mkononi au ndani ya glavu. Ya pili ni kwamba yuko katika harakati za kuuchukua mpira uliopigwa kwa gongo. Asipokuwa na mojawapo ya sababu hizo, na uwepo wake ukamchelewesha au kumzuia mkimbiaji, amefanya kosa la kizuizi.

Sababu ya pili inahitaji uangalifu. Mpira uliopigwa ukibingirika kuelekea mlinzi wa besi ya tatu, na yeye akawa anaufuata, njia ni yake. Mkimbiaji ndiye anayepaswa kumpisha, hata ikibidi azunguke nyuma yake. Akimgonga au kumvuruga, kosa ni la mkimbiaji, na linaitwa uingiliaji. Hapo mchezo husimama papo hapo na mkimbiaji hutolewa. Walinzi wawili wakiufuata mpira huo huo, anayelindwa ni mmoja tu, yule ambaye kwa maoni ya mwamuzi ndiye aliye na nafasi ya kuuchukua. Na mpira ukimponyoka ukaenda mbali naye, haki hiyo nayo inaondoka. Akiendelea kulala njiani, sasa yeye ndiye kizuizi.

Kwa hiyo mgongano uleule wa watu wawili unaweza kuwa kosa la mlinzi au kosa la mkimbiaji. Kinachotofautisha ni kama mlinzi alikuwa na mpira, au alikuwa akiuchukua mpira uliopigwa. Ndiyo maana mwamuzi mzuri hutazama mambo mawili kwa wakati mmoja: mpira, na miguu ya walinzi walio karibu na wakimbiaji.

"Alikuwa karibu kuupata mpira"

Utetezi unaosikika mara nyingi kutoka kwa kocha wa timu inayolinda ni kwamba mchezaji wake alikuwa akingoja mpira uliorushwa na mwenzake, na ulikuwa umebaki kidogo tu kumfikia. Wenye uzoefu wa besiboli huutoa kwa imani kabisa, kwa kuwa katika mchezo huo mlinzi ambaye mpira unamjia moja kwa moja na uko karibu naye anaweza kuhesabiwa kuwa tayari anaucheza.

Katika kanuni za kimataifa za softiboli, utetezi huo hauna nguvu. Kwa mpira uliorushwa na mchezaji mwenzake, mlinzi anapaswa kuwa nao mkononi kabla ya kuziba njia. Mdakaji anayeweka mguu mbele ya besi ya nyumbani huku mpira ungali hewani, na mkimbiaji akalazimika kupunguza mwendo au kupinda, amefanya kizuizi, hata kama mpira unamfikia mara tu baada ya hapo. Akiupata kwanza ndipo akaziba njia, hajavunja kanuni yoyote.

Mambo matatu zaidi huwachanganya watazamaji:

Kugusana si lazima. Mkimbiaji anayepunguza mwendo kwa sababu mlinzi amesimama mbele yake amezuiwa, hata kama hawakugusana.

Nia si lazima. Mlinzi anaweza kuwa amesahau tu mahali aliposimama. Mwamuzi hapimi moyo wake. Anapima kama mkimbiaji alipotezewa nafasi.

Kujifanya una mpira pia ni kosa. Mlinzi asiye na mpira anayeinama na kuigiza kumgusa mkimbiaji ili asimame au ajitelezeshe chini amefanya kizuizi. Mtu anayejitelezesha ghafla, bila kujiandaa, anaweza kuumia kifundo cha mguu au goti bila sababu.

Upande mwingine wa mizani nao upo. Mlinzi kuwa karibu na njia, peke yake, si kosa. Kama mkimbiaji hakubadilisha mwendo wala mwelekeo, hakuna aliyezuiwa, na mwamuzi hana cha kuita.

Mkono wa kushoto ulionyooka

Mashabiki wa kandanda wamezoea kumwona refa akiacha mchezo uendelee baada ya faulo ili timu iliyokosewa isipoteze nafasi nzuri. Softiboli ina kitu kinachofanana na hicho. Mwamuzi akiona kizuizi hapigi kelele za kusimamisha mchezo. Ananyoosha mkono wa kushoto kando, sambamba na ardhi, akiwa amekunja ngumi, na kulitamka kosa hilo kwa sauti. Mchezo unaendelea kama kawaida.

Ishara hiyo ina maana kwamba kosa limeonekana, na uamuzi utafuata. Kuanzia hapo moja kati ya mambo mawili hutokea.

Jambo la kwanza ni kwamba mkimbiaji aliyezuiwa anatolewa kabla ya kufika besi ambayo angeifikia kama asingezuiwa. Mwamuzi anausimamisha mchezo mara moja, anatangaza mpira umekufa, na kumpa mkimbiaji besi yake. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika mfano wa mwanzo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayejaribu kumtoa, au mchezo unamalizika wenyewe. Mwamuzi anasubiri hadi mwisho, kisha anatazama: je, mkimbiaji amefika mahali ambapo angefika? Kama amefika, mambo yanabaki yalivyo na hakuna linaloongezwa. Kama hajafika, anasogezwa mbele hadi pale.

Mchezo huachwa uendelee kwa ajili ya timu iliyokosewa. Huenda mkimbiaji akazuiwa kwenye besi ya kwanza lakini bado akafika ya tatu kwa mbio zake mwenyewe, huku mwenzake akileta pointi nyumbani. Kusimamisha mchezo mapema kungewapokonya wote wawili walichokuwa wakikipata.

Besi ngapi? Swali lisilo na jibu moja

Hapa ndipo mabishano huwa makali. Watazamaji wengi huamini kwamba kizuizi ni besi moja ya bure, kila mara. Katika softiboli sivyo. Kanuni haitaji idadi. Inasema kwamba mkimbiaji aliyezuiwa, na kila mkimbiaji mwingine aliyeathiriwa na kizuizi hicho, atapewa besi ambayo, kwa maoni ya mwamuzi, angeifikia kama kizuizi kisingetokea.

Kizuizi kinapotokea, mwamuzi anaanza hesabu kichwani. Mkimbiaji yuko wapi, na ana kasi gani? Mpira uko wapi: uko ndani ya glavu karibu na besi, au bado unabingirika kwenye nyasi nyuma ya walinzi? Mlinzi aliye karibu nao amewageukia wakimbiaji, au bado amewapa mgongo? Mkimbiaji amepoteza hatua ngapi? Kwa majibu hayo mwamuzi anaweka alama akilini: huyu analindwa hadi besi fulani.

Mifano mitatu inaonyesha jinsi jibu linavyobadilika.

Katika mfano wa kwanza, mpigaji anaupiga mpira mfupi kuelekea uwanja wa kulia. Anapozunguka besi ya kwanza anagongana na mlinzi wa hapo. Lakini mpira tayari umerudishwa na uko mikononi mwa mlinzi wa besi ya pili. Hata bila mgongano, mkimbiaji huyu asingefika ya pili. Analindwa hadi ya kwanza tu. Akirudi ya kwanza salama, hakuna besi ya ziada, na mkono wa mwamuzi unashuka kimya kimya. Mashabiki wanaodai apewe ya pili wanadai kitu ambacho hakikuwa chake.

Katika mfano wa pili, mpira umepigwa mbali, umepita walinzi wote wa nyuma. Mpigaji anazuiwa palepale kwenye besi ya kwanza, anajikwaa, anainuka na kufika ya pili, anasimama. Mwamuzi anaona kwamba kwa kasi yake, na kwa umbali wa mpira, angefika ya tatu bila shida. Mchezo ukimalizika, anamsogeza hadi ya tatu.

Katika mfano wa tatu kuna wakimbiaji wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Aliye mbele anazuiwa karibu na besi ya tatu na kusimama. Aliye nyuma analazimika kusimama pia, kwa sababu hawezi kumpita mwenzake. Hakuna mlinzi aliyemgusa huyu wa nyuma, lakini naye amepoteza nafasi kwa sababu ya kosa lilelile. Mwamuzi anawapa wote wawili besi walizokuwa wakielekea kuzifikia.

Kosa ni moja katika mifano yote mitatu, lakini majibu ni tofauti, na kila jibu ni sahihi. Mwamuzi anayetoa besi mbili leo na sifuri kesho huenda ametumia kipimo kilekile siku zote mbili.

Kati ya besi mbili

Kanuni ina ulinzi wa pili ambao wengi hawaujui. Mkimbiaji aliyezuiwa hawezi kutolewa kwa kuguswa na mpira akiwa kati ya besi mbili alikozuiliwa.

Turudi kwenye mfano wa kwanza. Mkimbiaji alizuiwa alipokwisha kuipita besi ya kwanza, na mwamuzi anamlinda hadi ya kwanza tu. Lakini yeye hakurudi. Alikazana kuelekea ya pili na akaguswa na mpira njiani. Bado yuko kati ya besi mbili alikozuiliwa, hivyo hatolewi. Mwamuzi anasimamisha mchezo na kumrudisha ya kwanza. Kama angefika ya pili, akaipita, kisha akaguswa akielekea ya tatu, hapo angekuwa ameutoka ulinzi wake. Angetolewa, na kizuizi cha awali kisingemsaidia.

Ulinzi huu una kazi kubwa pale mkimbiaji anapobanwa kati ya walinzi wawili wanaorushiana mpira, hali ambayo watoto waliocheza kati wanaifahamu vizuri. Mlinzi aliyekwisha kuurusha mpira hana tena haki ya kubaki njiani. Asipojiondoa na mkimbiaji akamgonga anapogeuka, ni kizuizi, na juhudi zote za kumbana zinapotea bure. Ndiyo maana makocha huwafundisha walinzi kurusha mpira kisha kutoka njiani mara moja.

Hata hivyo, ulinzi huu si kinga ya kila kosa. Mkimbiaji aliyezuiwa bado anaweza kutolewa kama hakukanyaga besi, kama aliondoka kwenye besi mapema kabla mpira wa juu haujaguswa na mlinzi, kama alimpita mkimbiaji mwenzake aliye mbele, au kama yeye mwenyewe alifanya kosa la uingiliaji. Pia, akiwa amekwisha kufika salama kwenye besi aliyostahili, kisha mchezo ukahamia kwa mkimbiaji mwingine, ulinzi wake unakwisha na akitoka anajihatarisha kama mtu yeyote.

Mdakaji anapomzuia mpigaji

Kuna kizuizi cha aina nyingine kinachotokea kabla mtu hajaanza kukimbia. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Akisogea mbele mno, glavu yake ikaguswa na gongo au akamzuia mpigaji kuupiga mpira, amefanya kizuizi. Mwamuzi ananyoosha mkono uleule wa kushoto na kusubiri.

Mpigaji akifanikiwa kuupiga mpira na kufika besi ya kwanza salama, na wakimbiaji wengine wote wakasogea angalau besi moja kwa pigo hilo, kosa linafutwa. Hakuna aliyepoteza kitu. La sivyo, kocha wa timu inayopiga anapewa chaguo: akubali matokeo ya mchezo kama yalivyo, au mpigaji apewe besi ya kwanza na wakimbiaji wengine wasogee tu pale wanapolazimika kumpisha. Kocha anayejua kanuni anaweza kupendelea matokeo ya mchezo, kwa mfano kama mpigaji alitolewa lakini mwenzake alileta pointi kutoka besi ya tatu.

Besi zenye idadi maalumu

Si kila besi inayotolewa hutegemea maoni ya mwamuzi. Mlinzi akiurusha mpira ukatoka nje ya eneo la mchezo, kila mkimbiaji hupewa besi mbili. Mpira uliopigwa ndani ya mistari ukidunda chini kisha ukaruka uzio, wakimbiaji hupewa besi mbili pia. Hapo mwamuzi hapimi kasi ya mtu, anahesabu tu. Mtazamaji akichanganya kanuni hizi na ya kizuizi, ataona kama mwamuzi anabadilisha sheria katikati ya mechi.

Kilicho hatarini

Kanuni ya kizuizi inalinda haki ya mkimbiaji, na inalinda mwili wake pia. Mkimbiaji anayekwenda kwa kasi huku amegeuza shingo kumtazama kocha wake hawezi kujihami dhidi ya mtu aliyesimama njiani. Magoti, vifundo vya miguu na mabega ya wote wawili huwa hatarini. Kwa sababu hiyohiyo softiboli hutumia besi ya kwanza iliyo pana mara mbili: sehemu nyeupe kwa ajili ya mlinzi, na sehemu ya rangi kwa ajili ya mkimbiaji, ili wasigombanie nafasi moja.

Mkimbiaji naye hana ruhusa ya kulipiza. Kuona njia imezibwa si kibali cha kumpiga mlinzi kikumbo. Na mlinzi akiwa na mpira, mkimbiaji anayebaki wima na kumgonga makusudi hutolewa, na kama alifanya hivyo kwa ukatili anaweza kufukuzwa mchezoni. Asiyeweza kupita azunguke. Kuzunguka mlinzi asiye na mpira hakuhesabiwi kuwa kukimbia nje ya njia, kwa sababu kosa hilo huja pale mkimbiaji anapokwepa kuguswa na mpira.

Walimu na makocha wanaofundisha watoto wanashauriwa kuanzia hapa. Kabla ya kumfundisha mtoto kuudaka mpira kwenye besi, afundishwe mahali pa kusimama akiusubiri: pembeni ya besi, akiwa amemwachia mkimbiaji sehemu ya kukanyaga. Tabia hiyo ikijengwa mapema huokoa pointi, na huokoa mifupa.

Kuuliza bila kugombana

Softiboli inatofautisha maoni ya mwamuzi na matumizi ya kanuni. Uamuzi kama "angefika besi ya tatu" ni maoni, na hauwezi kukatiwa rufaa. Lakini mwamuzi akitumia kanuni vibaya, kwa mfano akisema kwamba bila kugusana hakuna kizuizi, kocha ana haki ya kuweka pingamizi rasmi, na anapaswa kufanya hivyo kabla mpira unaofuata haujarushwa.

Kwa hiyo kocha mwenye busara huomba muda, humwendea mwamuzi kwa heshima na kuuliza maswali mawili: "Mwamuzi, uliona kizuizi?" na "Ulikuwa unamlinda hadi besi gani?" Majibu ya maswali hayo yanaonyesha mara moja kama tofauti yao ni ya maoni au ya kanuni. Kelele za mashabiki haziongezi chochote, na humtia hofu kijana anayejifunza kuamua, ambaye mara nyingi ni mmoja wa wawili tu walio uwanjani: mmoja nyuma ya mdakaji, mwingine karibu na besi.

Waandaaji wa mashindano wanaweza kuwa na marekebisho yao kwa watoto na wanaoanza. Kila kocha asome kanuni za shindano husika kabla ya siku ya mechi, na mzazi asione haya kuuliza.

Maswali ya haraka

Mkimbiaji alizuiwa lakini akafika salama. Mbona hakupewa kitu? Kwa sababu alifika pale ambapo angefika. Hakuna cha kurudishwa.

Mlinzi hakukusudia. Ni haki kumwadhibu? Haadhibiwi. Mkimbiaji anarudishiwa nafasi yake, na mchezo unaendelea.

Je, mkimbiaji asimame akizuiwa ili mwamuzi aone? Hapana. Aendelee kukimbia kwa nguvu zake zote. Akisimama mwenyewe, anamnyima mwamuzi njia ya kupima angefika wapi.

Mtazamaji afanye nini akiona mkono wa kushoto umenyooka? Asubiri. Mchezo bado unaendelea, na uamuzi uko njiani.

Wakazi wanaotaka kujifunza uamuzi wa mchezo huu, au shule zinazotaka kuuanzisha, wanaweza kuanzia kwa afisa wa michezo wa kaunti ndogo yao. Uwanja hauwezi kuwa na mechi bila wachezaji, na wachezaji hawawezi kupata haki bila mtu aliye tayari kusimama katikati, kutazama mahali ambapo wengine hawatazami, na kunyoosha mkono.